Barua kuhusu Clichy-sous-Bois: Deni la Anayefukuza

Shikamoo Ami,

Natumaini goti limepata nafuu na Mama Saidi bado anakukataza chumvi. Huku Ufaransa ni mwisho wa Oktoba. Majani yanapukutika, baridi imeanza kubisha, na Magharibi inaingia watu wakiwa bado makazini. Paris nimeiona, Mnara wa Eiffel upo palepale na picha umeshatumiwa. Lakini wewe uliponiaga hukunituma mnara. Uliniambia nikaangalie watu wanavyoishi na serikali yao. Basi leo nina habari ambayo wewe, uliyevaa sare nyeupe ya trafiki na kusimama juani Segera miaka na miaka, una haki ya kuisemea kuliko mimi. Ni habari ya polisi na mtu anayekimbia.

Nimefikia La Courneuve, kitongoji cha kaskazini mwa Paris, kwa bibi mmoja wa Kingazija aliyezaliwa Unguja. Wangazija wamejaa hapa. Ijumaa watu wakitoka msikitini utadhani uko Malindi: kofia zilezile, kanzu chini ya makoti mazito, na mazungumzo ya harusi za Ngazija zinazomaliza akiba ya miaka kumi kwa wiki moja. Mtaa wenyewe unaitwa 4000, kwa kuwa ulijengwa miaka ya 1960 uwe na nyumba elfu nne za kupangisha. Maghorofa mengi marefu yameshabomolewa, jina limebaki.

Mtaani hapa, Juni 2005, mtoto wa miaka 11 aliuawa kwa risasi za ugomvi usiomhusu, akiwa anaosha gari la baba yake. Nicolas Sarkozy, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuja akaahidi kuusafisha mtaa kwa Kärcher, ile mashine ya kuoshea magari na kuta kwa maji ya nguvu. Bibi anaikumbuka siku ile. Anasema watu walitaka muuaji akamatwe, na walishukuru kumwona waziri. Walichoondoka nacho masikioni ni kwamba uchafu ni wao.

Bibi ana mjukuu wa miaka 17. Jioni moja alimtuma kutupa takataka, pipa liko hapo chini tu mlangoni. Kijana alifika kizingitini na mfuko mkononi, akarudi chumbani, akachukua kitambulisho, akakitia mfukoni, ndipo akashuka. Nikamuuliza kitambulisho cha nini kwa safari ya kwenda jalalani. Akacheka, akasema wiki iliyopita alikaguliwa mara mbili na askari walewale.

Sheria ya hapa inamruhusu polisi kukuomba kitambulisho barabarani, na usipoweza kujitambulisha anaweza kukupeleka kituoni na kukuweka kwa muda usiozidi saa nne. Kwa karatasi sheria ni ya wote. Mwaka 2017 ofisi ya Mtetezi wa Haki, ambayo ni taasisi ya dola yenyewe wala si chama cha wanaharakati, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: kijana wa kiume anayeonekana kuwa mweusi au Mwarabu ana uwezekano mara 20 zaidi ya watu wengine wa kusimamishwa na kukaguliwa. Mwaka mmoja kabla, Mahakama ya juu ya Ufaransa ilikuwa imekwisha kuamua kwamba ukaguzi wa kuchagua sura ni kosa la dola. Na Juni 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaikuta Ufaransa na hatia katika shauri la mmoja wa vijana waliolalamika. Hukumu zinatoka, na mjukuu wa Bibi bado anashuka na kitambulisho kwenda kutupa maganda ya ndizi.

Yeye ndiye aliyenipeleka Clichy-sous-Bois. Kwa ramani si mbali, ni kama kilomita 15 mashariki mwa Paris. Tulipanda treni ya RER hadi Aulnay, tukaingia tramu ya T4, tukabadilisha Gargan. Tramu inapita kwanza mitaa ya nyumba zenye bustani na mageti ya chuma, halafu inaanza kupanda kilima, nyumba zinageuka maghorofa, na ndani ya behewa zinaanza kusikika Kibambara, Kituruki, Kiarabu cha Tunisia. Karibu na mwisho wa njia wanajenga stesheni ya reli ya chini ya ardhi.

Mwaka 2005 hapakuwa na tramu wala stesheni yoyote katika mji huu wa watu karibu 30,000. Hapakuwa hata na kituo cha polisi. Askari walitoka mji wa jirani, Livry-Gargan. Baada ya yaliyotokea mwaka ule, ambayo nakusimulia sasa hivi, kituo cha polisi kilifunguliwa mwaka 2010. Tramu ilifika Desemba 2019. Nakuachia wewe upime kipi serikali iliona kina haraka.

Mbele ya shule ya Robert Doisneau kuna njia ya waenda kwa miguu iliyopewa majina ya Zyed Benna na Bouna Traoré, na jiwe la kumbukumbu. Tulifika wakati watoto wanatoka darasani. Wasichana wawili walikuwa wameliegemea jiwe, wanagawana pakiti ya viazi na kugombania chaja ya simu. Hawakuwa wamezaliwa mambo haya yalipotokea, na jiwe kwao ni mahali pa kusubiriana.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 27 Oktoba 2005, ndani ya Ramadhani, shule zimefungwa kwa likizo. Kundi la vijana kama kumi walikuwa wanatoka kucheza mpira Livry-Gargan, wanawahi futari. Njiani walipita kwenye eneo la ujenzi. Mtu mmoja akahisi wanataka kuiba, akapiga simu. Gari la doria likaja, na vijana walipoliona wakatawanyika. Baadhi walikamatwa. Watatu waliruka ukuta wa kituo cha umeme cha shirika la EDF, wakajificha kwenye transfoma: Bouna mwenye miaka 15, Zyed mwenye 17, na rafiki yao mwingine wa miaka 17. Walikaa mle karibu nusu saa, wakiogopa kutoka. Saa 12 na dakika 12 jioni umeme uliwapiga, na mji ukaingia gizani. Bouna na Zyed walikufa palepale. Yule wa tatu, mwili umeungua, aliruka ukuta tena akajikokota hadi mtaani kutafuta msaada.

Sasa sikiliza, Ami, maana kesi yote iko hapa. Redio za polisi hurekodiwa. Katika rekodi ya jioni ile askari mmoja anasikika akitoa taarifa kwamba wawili wanaruka kuingia eneo la EDF. Kisha anaongeza, kwa lugha ya mtaani, kwamba wakiingia mle yeye haoni kama watatoka wazima. Aliyasema hayo zaidi ya nusu saa kabla ya umeme kukatika. Upande wa pili wa redio alikuwapo mwenzake aliyepokea. Katika muda wote ule hakuna aliyeinua simu kuiambia EDF izime mashine au itume fundi.

Serikali ilikuja na maelezo mawili kabla ya uchunguzi kuanza kutembea: kwamba vijana walikuwa kwenye jaribio la wizi, na kwamba polisi hawakuwa wakiwafukuza. Wizi uchunguzi haukuuona. Na hilo la kufukuza wanasheria walibishania miaka kumi. Siku tatu baada ya vifo, bomu la machozi lilitoa moshi wake ndani ya msikiti wa Bilal, waumini wakiwa kwenye sala za usiku. Kama kulikuwa na mtu Clichy aliyekuwa akiwatuliza vijana, usiku ule alikosa la kuwaambia.

Moto ulianza Clichy ukaenea nchi nzima kwa wiki tatu. Magari karibu 10,000 yalichomwa, karibu manispaa 300 ziliguswa, na watu wapatao 3,000 walikamatwa. Tarehe 8 Novemba serikali ilitangaza hali ya hatari kwa kutumia sheria ya mwaka 1955, iliyotungwa wakati wa vita vya Algeria. Babu za baadhi ya vijana waliokuwa barabarani waliwahi kuwekewa amri za usiku kwa sheria hiyohiyo.

Sikuandikii haya kwa kuwasifu waliochoma. Jirani wa Bibi aliamka alfajiri kwenda kazini, akakuta gari lake ni mabati meusi. Alikuwa mfagizi wa maofisi, zamu inaanza kabla ya treni ya kwanza, na kazi ile ilimponyoka ndani ya mwezi. Magari yaliyoungua yalikuwa ya watu wa aina yake, si ya mawaziri. Wapo pia walioamua kuongea kwa njia nyingine. Hapo Clichy kilizaliwa chama cha ACLEFEU, ambacho wanachama wake walizunguka Ufaransa na madaftari wakiandika malalamiko ya wananchi, kama Wafaransa walivyofanya kabla ya mapinduzi ya 1789, na Oktoba 2006 wakayabeba kwa maandamano hadi Bungeni. Madaftari hayo hayakuonyeshwa kwenye televisheni nusu ya magari yalivyoonyeshwa.

Najua hapa utaweka kikombe chini na kuniuliza: kama hawakuiba, walikimbia nini? Ndilo swali lililoulizwa na nusu ya Ufaransa, na bado linaulizwa kila kijana akifa akikimbia askari. Mjukuu wa Bibi ana jibu lake, nalo halina falsafa. Ukisimama, unaweza kupoteza saa nne. Futari itakupita. Baba ataitwa kituoni, na baba akishaitwa kituoni hakuna atakayekuuliza kama ulikuwa na kosa. Ukikimbia, mara nyingi unafika nyumbani. Kijana wa miaka 15 anapiga hesabu hiyo kwa sekunde mbili, na kwa kawaida hesabu inakubali.

Nawe unaijua. Ulitusimulia habari ya yule kijana wa bodaboda aliyeona kizuizi chako, akageuza pikipiki kwenye matope na mama wa watu nyuma na mtoto mgongoni. Askari kijana uliyekuwa naye alikwisha kurukia pikipiki ya doria. Wewe ukamshika mkono, ukasoma namba, ukaiandika kiganjani. Kesho yake ulimkuta kijiweni, anakunywa chai. Tulipokuuliza kwa nini hukumfuata siku ileile ulisema kosa lake lilikuwa kofia ngumu, na kwa kofia ngumu huui mama na mtoto. Nilikuwa mdogo, niliona hadithi inaishia vibaya kwa kuwa haikuwa na mbio. Sasa naona ulikuwa umekwisha kutoa hukumu ambayo majaji wa hapa waliizunguka muongo mzima.

Maana sheria ya Ufaransa ina kifungu ambacho kwetu wengi wangekipenda. Mtu yeyote anayemwona mwenzake hatarini, na anaweza kumsaidia bila kujihatarisha, akimwacha ametenda kosa la jinai. Wakati ule adhabu ilifika kifungo cha miaka mitano na faini ya euro 75,000. Familia za Bouna na Zyed zilisimama juu ya kifungu hicho. Hazikudai kwamba askari waliwaua watoto wao. Zilidai kwamba askari alijua, na kwa kuwa alijua alikuwa na deni la simu moja.

Tazama sasa safari ya deni hilo. Mahakimu wachunguzi waliamua mwaka 2010 kwamba askari wawili wajibu mashtaka, na ofisi ya mashtaka haikutaka. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Paris ikafuta. Mwaka 2012 mahakama ya juu ikatengua ufutaji. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya Rennes, mji ulio mbali upande wa magharibi, ikasema kesi isikilizwe. Ikasikilizwa Machi 2015. Askari aliyesikika redioni alijitetea kwamba alichungulia juu ya ukuta, hakuona mtu, akaamini wameshatoka. Mwendesha mashtaka mwenyewe aliomba waachiwe. Tarehe 18 Mei 2015 wote wawili waliachiwa huru, mahakama ikisema hawakuwa na ujuzi wa hakika wa hatari iliyokuwapo. Bouna angekuwa na miaka 24 au 25.

Naiheshimu hukumu kama hukumu. Jinai inataka uhakika, na mahakama haikuuona. Kinachonikaa kooni ni ile miaka. Vijana waliokamatwa kwenye fujo za Novemba 2005 wengi walihukumiwa ndani ya siku chache, kwa utaratibu wa hapa wa kumpitisha mshtakiwa moja kwa moja kutoka rumande hadi kizimbani. Mashauri mengine yalimalizika kwa nusu saa. Dola moja, sheria moja, saa mbili za ukutani.

Usidhani ni tukio moja nimelishikilia. Novemba 2007 huko Villiers-le-Bel, kaskazini kidogo ya hapa, vijana wawili wa miaka 15 na 16 walikufa pikipiki yao ndogo ilipogongana na gari la polisi. Katika fujo zilizofuata askari walipigwa risasi za bunduki za kuwindia, na wengi waliumia. Waliopatikana na hatia katika shauri la kuwapiga risasi askari walihukumiwa mwaka 2010, vifungo vya miaka 3 hadi 15. Dereva wa gari la polisi alihukumiwa mwaka 2013, miezi sita, na hakuingia gerezani kwa kuwa kifungo kiliahirishwa. Kumpiga askari risasi ni uhalifu mkubwa na adhabu kubwa inastahili. Lakini familia zinajua kusoma kalenda. Zikiona kosa la pili linamalizwa miaka mitatu kabla ya lile la kwanza, huzishawishi tena kwa hotuba.

Upande wako nao una makaburi yake, Ami, na ningekuwa sikutendei haki kuyanyamazia. Julai 2020, kusini-magharibi mwa nchi, askari wa jandamari (polisi wa kijeshi) Mélanie Lemée, msichana wa miaka 25 na mchezaji wa judo, aligongwa na dereva aliyekuwa anakwepa ukaguzi, akafa. Agosti 2024, Éric Comyn, askari wa jandamari mwenye mke na watoto, aliuawa vivyo hivyo kwenye ukaguzi huko Mougins. Na Oktoba 2016, Viry-Châtillon, kundi la watu lilirushia gari la polisi chupa za petroli askari wakiwa ndani. Wawili waliungua vibaya. Polisi wa Ufaransa waliandamana usiku kucha, na wengine walificha nyuso zao, kwa kuwa walikuwa wanavunja amri ya wakubwa wao.

Bunge likawajibu kwa sheria ya Februari 2017. Inamruhusu askari kulipiga risasi gari lililokataa kusimama ikiwa waliomo wanaelekea kuhatarisha maisha ya watu katika kukimbia kwao. Tatizo liko hapo kwenye kuelekea. Nani anapima, kwa sekunde ngapi, na kwa kutazama nini? Magari yanayokataa kusimama hapa ni zaidi ya 20,000 kwa mwaka. Sebastian Roché, mtafiti wa mambo ya polisi, na wenzake walihesabu na kukuta kwamba baada ya sheria ile vifo vya risasi za polisi wa taifa dhidi ya magari yanayotembea viliongezeka mara tano. Mwaka 2022 peke yake walikufa watu 13.

Halafu ikaja tarehe 27 Juni 2023, Nanterre. Nahel Merzouk, miaka 17, alikuwa anaendesha gari bila leseni, kwenye njia ya mabasi. Askari wawili wa pikipiki walimwashia taa asimame, akakimbia, akapita taa nyekundu na kuhatarisha mpita njia na mwendesha baiskeli, hadi foleni ilipomkwamisha kwenye uwanja unaoitwa kwa jina la Nelson Mandela. Pale askari wakashuka, bastola mikononi. Gari liliposogea tena, mmoja alifyatua risasi karibu kabisa. Taarifa za kwanza za polisi zilisema gari lilikuwa linamwelekea askari. Mpita njia alikuwa amerekodi kwa simu, na video ikaonyesha askari wamesimama ubavuni. Aliyepiga alifunguliwa mashtaka ya kuua kwa makusudi. Nchi ikawaka tena, safari hii hadi polisi 45,000 wakimwagwa barabarani kwa usiku mmoja.

Siku hizohizo palifunguliwa michango miwili mtandaoni, mmoja wa mama wa Nahel, mwingine wa familia ya askari. Ule wa askari ulipita euro milioni 1.6 ndani ya siku chache, mara kadhaa zaidi ya wa mama. Nimezungumza na Wafaransa wenye mawazo tofauti, kwenye treni na kwenye foleni ya mkate, na kila mmoja anautaja mchango ule kama ushahidi wa upande wake. Kuna wanaosema umeonyesha wananchi wamechoka na vijana wanaoendesha magari ya kifahari bila leseni. Kuna wanaosema umeonyesha bei ya mtoto wa Kiarabu. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa basi akaniambia yeye alitoa pande zote mbili, euro kumi kumi, na ndugu zake wa pande zote mbili wamemnunia.

Nimejaribu kukaa mahali pa yule mzee, Ami, na sijaweza kabisa. Naona wote wanabishana kuhusu mkimbiaji: alikuwa na leseni au hakuwa nayo, aliiba au hakuiba, kwao wapi. Mimi swali langu limehamia kwa anayefukuza. Mtu anayekukimbia hajatoka mikononi mwa sheria. Sheria bado inamlinda hata anapoivunja. Wewe mwenye redio, pikipiki na bastola ndiye pekee katika mbio zile mwenye kuona mbali, mwenye watu wa kuwapigia, na mwenye ruhusa ya kuacha. Yeye hawezi kuacha, maana kwake kuacha ni kukamatwa. Ndiyo maana deni ni kubwa kwa upande wako. Ukiona anaruka ukuta wa transfoma, pigia shirika la umeme. Ukiwa na namba ya gari, andika namba. Na likitokea baya, usingoje miaka kumi kuhojiwa ikiwa aliyechoma gari anahojiwa kesho asubuhi.

Bibi alinisikiliza nikiyasema haya mezani, akasema mimi na mjukuu wake tunazungumza kama watu wasiolala La Courneuve. Yeye anataka polisi zaidi. Anataka wauza unga waondolewe kwenye ngazi zake. Ila anataka polisi kama wa kipindi kilichoanza mwaka 1998, serikali ya Lionel Jospin ilipoweka askari wa mtaa, waliotembea kwa miguu na kurudi kesho yake mahali palepale. Anamkumbuka mmoja aliyejua majina ya wanawe wote na daraja walizopata shuleni. Mwanawe mkubwa alipovunja kioo cha duka, askari huyo hakukimbia popote. Alipanda ghorofa ya tano, akabisha hodi, akakaribishwa chai, na kioo kikalipwa kwa awamu. Februari 2003 Sarkozy alikwenda Toulouse akamwambia mkuu wa polisi, mbele ya kamera, kwamba kazi ya polisi si kuandaa mechi na vijana, ni kukamata. Mpango ukazimwa. Zaidi ya miaka miwili na nusu baadaye, Clichy, askari walitoka mji mwingine kuwafuata watoto ambao hawakuwajua.

Sitakuambia kwamba askari wa kunywa chai angezuia yote. Viry-Châtillon wasingemkaribisha ndani. Ila naona Bibi na wewe mnasema jambo moja: polisi anayekujua anaweza kukungoja, naye asiyekujua hana njia nyingine ila kukukimbiza, kwa kuwa ukimpotea leo umempotea moja kwa moja. Nchi inayotaka mbio zipungue itabidi ilipe watu wa kukaa mtaani muda mrefu, na hilo ni ghali kuliko bastola na halipigiwi makofi Bungeni.

Nijibu, Ami, na usinionee haya kwa kuwa niko ugenini. Niandikie kama trafiki, si kama baba: ungekuwa wewe kwenye ule ukuta saa kumi na moja na nusu jioni, umeshachungulia, huoni mtu, giza linakuja na wakubwa wako wanakuita uendelee na kazi, ungepiga simu EDF? Mjukuu wa Bibi amesema hapana, hakuna askari ambaye angepiga. Mimi nimemwambia ninamjua mmoja. Tumewekeana dau la nyama choma, na majibu yako ndiyo yatakayoamua nani analipa.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwanao,
La Courneuve